Maana Tano za "Stroke"

Jumatatu, 4 Machi

Kosa la wengi ni kudhani kwamba maana inayotangulia kwenye kamusi ndiyo maana yenyewe, zinazofuata ni mapambo. Leo nimelikuta kosa hilo kwenye kitabu changu mwenyewe, kamusi ndogo ya Kiingereza na Kiswahili ya wanafunzi wa uuguzi. Rasimu imerudi kutoka kwa mhariri. Chini ya *stroke* niliandika maana tano: pigo, kiharusi, mkupuo mmoja wa mwogeleaji, mstari mmoja wa kalamu, mpapaso, kama wa kumpapasa paka. Imebaki moja. Pigo.

Kwa wauguzi!

Mume wangu, ambaye kiharusi kilimnyang'anya mkono wa kulia, kacheka kwa mdomo wake wa upande. Kumbe nilipigwa, kasema, na wewe hukunitetea. Sikucheka.

Jumanne, 5 Machi

Nimempigia mhariri. Nilimfundisha mwenyewe, kwa hiyo shikamoo zilikuwa nyingi. Halafu akasema: neno moja, mstari mmoja, ndivyo ofisi ilivyoamua. Na siku hizi, Mwalimu, watu hawana subira, maana tano zinawachanganya. Nikamweleza taratibu. Neno ni kama mwanamke: huyu anamwita mama, yule shangazi, yule wifi. Ukibakiza "wifi" tu, mtoto wake wa kumzaa atamwita nani?

Kasema mfano mzuri sana. Kakata simu.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekwenda ofisini kwake. Kiti cha wageni kimejaa makaratasi, nimesimama. Kumbe hakuchagua yeye. Kompyuta ilihesabu maana inayotokea mara nyingi zaidi katika vitabu vyote, ikafuta nyingine. Nikamwambia wauguzi hawasomi vitabu vyote, watasoma hiki. Anajua. Lakini kurasa zinakwenda kiwandani kuchapwa Jumatatu, na kama Mwalimu amechukia, basi wataondoa jina lake kwenye jalada.

Liondoe, nikasema. Nimeteremka ngazi kichwa juu, kama mshindi.

Ijumaa, 8 Machi

Mshindi wa nini?

Asubuhi nilikuwa namfunga mume wangu vifungo vya shati. Kauliza, polepole, maana maneno yake sasa yanatoka kwa zamu: kwa hiyo kosa linabaki, ila halina mwenyewe? Nikasema angalau silo langu. Akanitazama. Jina umeliokoa, mama. Na binti atakayempokea mgonjwa kama mimi, akafungua kitabu chako?

Nilimkasirikia hadi kifungo kikakatika. Kisha nikajikasirikia mimi, na hapo ndipo hasira ilipopata anwani.

Nilikuwa nagombana na muuzaji. Mnunuzi ni chuo cha uuguzi. Mkuu wake akikataa mzigo, hakuna kiwanda kitakachowasha mashine. Simu inalia mezani. Ni mhariri — bila shaka anataka kuhakikisha kuhusu jina. Mume wangu anauliza kama apokee kwa mkono wa kushoto.

Iache ilie, namwambia. Vaa viatu, chukua ukurasa ule wa *stroke*, umfikishie mkuu wa chuo leo kabla hawajafunga.