Bustani Ghorofa ya Tatu

Ghorofa ya tatu, mlango wa kijani,
Jumapili asubuhi, tarehe 11 mwezi wa tano.

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Marahaba! Najua shikamoo yako iko njiani, naipokea mapema. U hali gani? Kifua kimetulia, au bado unakohoa kwa kujificha ili usipelekwe hospitali? Na shemeji yangu, mgongo wake vipi? Sisi huku wazima, ila haya magoti yangu hayana adabu. Nikiyaambia twende, yanakaa.

Swali lako nimelipata: naja kuishi kwako au siji? Nitalijibu, lakini usirukie mwisho wa barua. Nakujua.

Tangu nilipoanguka kwenye ngazi, mke wa mwanangu amepiga marufuku safari zangu za bustani ya manispaa. "Mama, kushuka peke yako tena, hapana." Mwanangu yuko barabarani na lori lake, na huyu mkamwana anashinda kiwandani, kwa hiyo wa kunishika mkono hakuna. Unajua mimi na bustani ile: benchi langu kando ya bwawa, na wale ndege walionizoea. Niliumia sana, mdogo wangu. Nikamnunia mkamwana. Salamu naitikia, chakula nakula, maneno mengine sina. Ndipo nilipokupigia uniandalie chumba.

Jumamosi moja akaniwekea simu yake mezani. Kumbe watu wa bustani wanarusha mafunzo kwa wasioweza kufika. Nikageukia ukuta. Lakini macho hayana pazia, na masikio ndiyo kabisa: nikasikia vyura wa bwawa langu. Nikachungulia. Binti mmoja mwenye kofia pana kama ungo anasema, "Hamjambo nyote mlio majumbani?" Nikamjibu, "Hatujambo, mwanangu, za huko?" Nikangoja jibu. Mkamwana alikimbilia jikoni kucheka, nikamsikia.

Tangu hapo sikosi. Binti Kofia, ndivyo ninavyomwita, anatuzungusha taratibu, anatusimamisha chini ya mti tusikilize ndege mmoja mmoja. Ametufundisha kubana majani ndani ya kitabu hadi yakauke, kisha kuyabandika kwenye kadi. Hiyo iliyomo kwenye bahasha ni yangu ya kwanza, usiicheke gundi. Halafu akatufundisha kukunja vikopo vya magazeti na kuotesha mbegu. Tukaotesha pilipili, mimi upande huu wa meza, mkamwana upande ule, kimya.

Ukaota mche mmoja tu. Tukauweka dirishani. Nikaona mwenzangu hana habari nao, basi kila alfajiri, kabla hajaamka, nikawa naumwagilia. Majani yakaanza kuwa ya manjano. Nikaongeza maji. Kikopo kikalegea kama mkate uliochovywa kwenye chai, na mimi moyoni namlaumu yeye: mtu gani huyu anauacha mche ufe?

Jana mkamwana akaupiga picha, akaituma bustanini. Binti Kofia akajibu kwa sauti, tukasikiliza wote wawili. "Mama zangu, mche huu haukauki, unazama! Nani anaumwagilia?"

"Mimi," nikasema.

"Mimi," akasema mkamwana.

Kumbe kila jioni akitoka kazini, nami nimejilaza, alikuwa anakuja na kikombe chake. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Nilicheka mpaka magoti yakasahau kuuma. Yeye hakucheka. Aliketi akaanza kulia.

"Mama, nilikusikia ukiongea na mama mdogo kwenye simu," akasema. "Nikajua huu mche ukifa, huna kitu kingine cha kukuweka hapa."

Nilidhani ananifungia. Kumbe aliogopa nisije nikafa kwenye ngazi, halafu akaogopa nisije nikahamia kwako, na hofu zote mbili alizibeba peke yake kwa sababu mimi nimenuna. Nilimshika mkono, nikamwomba radhi.

Mche tumeuhamishia kwenye kopo tuliloligonga msumari chini ili maji yatoke. Sasa hakuna anayemwagilia kabla ya kuchomeka kidole kwenye udongo na kumuuliza mwenzake. Mche utapona? Sijui. Majani matatu yamedondoka, moja bado limesimama. Na akipata siku ya mapumziko tutashuka wote bustanini, yeye akibeba kiti cha plastiki nipumzike kila ghorofa. Majirani watatucheka, na wacheke.

Nisalimie shemeji, umwambie mgongo haunyooshwi na kochi. Wasalimie wajukuu, hasa yule Kidomodomo. Mwanangu akirudi na lori nitampa salamu zako.

Sasa jibu lako. Siji, mdogo wangu. Usinune, katika ukoo huu mnunaji mmoja anatosha. Kile chumba kifungue madirisha, kipate hewa, kisha uje wewe huku kututembelea. Nimeshamwambia mkamwana, na wewe nakuambia: hata mche ukifa, nitakaa.

Mungu akulinde, akupe usingizi mwema na kifua chepesi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukinikasirikia.