Jiko Nililolifungia Stoo

Mke wangu mpendwa, Mama Koku,

Nakusalimu kutoka Kamanga, ninakosubiri kivuko cha kwenda Mwanza. Naomba kifua kiwe kimekuachia angalau ulale.

Mchana huu nimekula kwa mama lishe mmoja Msukuma. "Kalibu, mzee," alisema. Nikamsahihisha: "Karibu, kwa R." Akacheka: "Kaa kwanza, mwalimu. Hiyo R nitakuletea pamoja na samaki."

Alileta sato na ndizi. Kwa sauti ya kusikiwa na abiria wote, nikatangaza kwamba hiyo ndiyo ladha ya kuni, na kwamba umeme hauwezi kuivisha ndizi namna hiyo. Mama yule akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya banda. Hapakuwa na kuni wala jivu. Palikuwa na jiko la umeme, sawa na lile alilotuletea Koku nami nikalifungia stoo, na waya uliopanda hadi kwenye paneli za sola juu ya bati.

"Na mama nyumbani anapikia nini?" akauliza.

"Kuni," nikajibu.

"Lo, mwalimu! R yangu umeisikia, kikohozi cha mkeo hukisikii?"

Sikuwa nimemwambia kwamba unakohoa. Neno "kuni" lilimtosha kujua moshi unakufanya nini.

Nisamehe. Ufunguo wa stoo haukupotea kama nilivyodai. Umo ndani ya kamusi yangu. Niliuficha humo nikijua hutaifungua. Litoe jiko leo hii, usinisubiri.

Mungu akujalie pumzi nyepesi.

Mumeo,
Baba Koku