Neno Alilolipenda Patroni

Jumatatu, 4 Machi 1991
Mkaa mbichi. Pasi inatoa moshi mwingi kuliko joto. Mafundi watano goti kwa goti hapa barazani, mtaa wa Gitega, Rwanda. Patroni, mwenye baraza, amepita kutukagua. Yusufu akaruka kutoka kwenye cherehani yake, akampangusa viatu kwa kitenge. Kitenge cha mteja wangu! Damu ilinichemka. Nikasema kwa sauti: "Yusufu, acha kujikomba!"

Kiswahili cha Patroni ni cha kununulia mkaa. Akauliza: "Hiyo neno iko maana gani?" Yusufu, bila haya: "Ni heshima, Patroni. Heshima ya mapenzi." Wenzetu wakaitikia. Nikarudi kwenye pasi yangu. Nina watoto wawili, sina mume, na cherehani yangu inakaa barazani kwa Patroni.

Alhamisi, 7 Machi
Amelipenda neno. Leo kawaambia wageni wake: "Mafundi yangu yanajikomba muzuri sana." Yusufu alimeza kicheko. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Ijumaa, 8 Machi
Jumapili binti wa Patroni anaposwa. Kwa kuwa nina sauti, nimeamriwa nisimame mbele ya wakwe niseme mafundi wote tunajikomba kwake. Nikikataa, nihame barazani. Yusufu anasema niseme tu, mdomo haulipiwi kodi. Haulipiwi, lakini ni wangu.

Jumapili, 10 Machi
Nimesimama. Nikamshukuru Patroni kwa kivuli alichotupa, maana hilo ni kweli. Kisha nikasema kujikomba ni kumlamba mtu miguu ili akutupie makombo, na mimi sijikombi kwake wala kwa mwingine. Nikaona baadhi hawajaelewa, nikaongeza kwa Kinyarwanda: guhakirizwa. Hapo wakaelewa wote. Mkwe mmoja alicheka mpaka akapaliwa na soda. Sijutii.

Jumatatu, 11 Machi
Cherehani nimeikuta mtaroni, mguu umepinda. Wenzangu waliinamia mishono yao. Nimewachukia wote. Nimeikokota mwenyewe hadi nyumbani.

Alhamisi, 21 Machi
Nashonea mlangoni kwangu. Wateja wachache. Mfungo umekuja wakati wake, njaa ina kisingizio.

Mchana amekuja mke wa Patroni, peke yake, na kitambaa cha gauni. Hakutaja karamu ya posa. Nikampima mabega, nikaona michubuko ya vidole mikononi, nikampima kiuno. Akauliza kwa sauti ndogo, mtu akikataa lile jambo anasemaje kwa Kiswahili. Nikamwambia: sijikombi. Akalisema taratibu, akalirudia mpaka likamkaa mdomoni. Kisha akaomba mikono ya gauni iwe mirefu.