Stima Ikirudi, Sanduku la Aabo Huimba

Alhamisi, Garissa. Joto la leo si la kusimulia. Hata mbuzi wa jirani wamegoma kutoka kivulini, na mvua tunaisikia tu redioni.

Naandika mikono ikinuka thina, na moyo wangu ni mzito.

Kwa aliye mgeni hapa: baba yangu, Aabo, alikuwa na hoteli ya chai karibu na soko la mifugo. Ndani alikuwa na jukboksi, lile sanduku kubwa la muziki: unatumbukiza shilingi, unabonyeza kitufe, mkono wa chuma unachukua santuri na kuicheza. Hoteli ilipofungwa, sanduku likahamia sebuleni kwetu. Aabo alilipangusa vumbi kila jioni, kisha akacheza wimbo uleule, sauti ya mwanamume na kinanda cha kaban, akimbembeleza mkewe asinune. Alisimama upande wa kulia, kiwiko juu ya kioo, na ubeti wa pili aliukosea siku zote.

Alifariki mwaka jana. Sanduku halikunyamaza.

Stima ya hapa mnaijua, huenda na kurudi inavyotaka. Kila ikirudi, sanduku huwaka taa, hukoroma kidogo, halafu huo wimbo wa Aabo. Hakuna aliyebonyeza kitu. Mimi ni fundi wa simu, nina kibanda changu mjini, na nyaya hazinitishi. Lakini mara ya kwanza nilisoma Ayatul Kursi nikiwa nimepanda juu ya kiti.

Wiki hii amekuja Eedo Halima, dada yake Aabo, kutoka Masalani. Jana akausikia wimbo kwa masikio yake, na hukumu ikatoka papo hapo.

"Wallahi, hii sanduku iko na jini! Ikilia tena yenyewe, kesho punda anabeba."

Eedo akitaja punda, ujue mwenye mkokoteni ameshapigiwa simu. Na mimi sitaki sanduku liende. Ndicho kitu pekee cha Aabo tulichobaki nacho, nguo zake zote tulishazitoa sadaka.

Kwa hiyo leo sikufungua kibanda. Nilifungua mgongo wa sanduku.

Ndani mna safu ya pini, kila wimbo na pini yake. Ukichagua wimbo, pini yake husukumwa nje. Wimbo ukiisha, hurudi mahali pake. Pini ya wimbo wa Aabo ilikuwa imenata nje, imegandwa na utando wa kahawia, hivyo kila stima ikirudi sanduku lilidhani wimbo huo umechaguliwa. Nikaunusa.

Uunsi.

Ndio ule udi wetu unaopikwa kwa sukari. Kila magharibi mama yangu, Hooyo, huleta chetezo na kukiweka kando ya sanduku, upande wa kulia, penye ufa kwenye mbao. Moshi ulikuwa unaingia humo humo. Nikacheka peke yangu. Kumbe mama anafukiza jini litoke, na moshi wake ndio unaoliimbisha sanduku! Nilisugua kwa thina na mswaki mkuukuu, pini moja moja, mpaka zote zikawa zinaruka kama panzi. Nikajisifu sana.

Alasiri stima ikapotea. Ikarudi tulipomaliza tu kuswali magharibi. Taa za sanduku zikawaka, na kimya. Eedo akasema "Alhamdulillah," akampigia mwenye punda asije.

Ndipo Hooyo akatoka chumbani. Amevaa dirac yake ya kwendea harusi, wanja machoni, chetezo mkononi. Akaenda upande wa kulia wa sanduku, akasimama, akangoja.

"Leo mbona hajafika?" akaniuliza.

Kwetu mke humfukizia mumewe uunsi jioni anaporudi nyumbani, hilo hata watoto wanalijua. Mwaka mzima nimemtazama mama nikidhani anafukuza, naye alikuwa anakaribisha.

Nikakimbilia kitufe, nikabonyeza. Wimbo ukatoka, safi kuliko zamani. Hooyo akausikiliza mpaka ubeti wa pili, akatikisa kichwa.

"Huyu umemwita wewe, mwanangu, macaanto. Yeye huja mwenyewe."

Akaenda kuvua dirac.

Sanduku limebaki, kama nilivyotaka. Lakini nimemfungia baba mlango kwa mswaki. Nami nisemaye nyaya hazinitishi nimekaa hapa nimetega sikio, na naogopa kwamba sitasikia chochote.

Eedo anarudi Masalani Jumamosi. Nimekiokota chetezo cha Hooyo, makaa yalikuwa bado mekundu. Nimeongeza uunsi, nimekisogeza kwenye ufa, upande wa kulia.

Utando huchukua muda gani kuganda?