Daunpaipu ya Mutua na Masikio Yangu

Dagoretti Corner, Nairobi
Jumapili

Kwako Mama Nafula,

Habari za hapo Kimilili? Mahindi yamefika wapi, na lile goti la mama limekubali dawa au bado linabishana nayo? Mimi huku niko mzima kuanzia kwenye nyayo hadi shingoni. Ya juu ya shingo ndiyo yamenifanya nitafute kalamu, kitu ambacho sijafanya tangu nilipokuwa nikikutongoza, na hata wakati ule uliishia kunisahihishia makosa.

Najua umeninunia. Unapiga simu, najibu "eeh, sawa, sawa," kisha nakata, na shemeji Wanyonyi ameshakwambia kwamba mume wa Nairobi akianza kujibu kwa kifupi basi kuna mama mwingine jikoni. Mwambie shemeji asante kwa kudhani bado nina nguvu hizo. Hakuna mama. Ni kwamba sikusikii. Sauti yako inanifikia kama ya mtu anayeongea ndani ya pipa, nami najibu kwa kubahatisha. Masikio yangu yanakufa, Mama Nafula, na wewe unajua kazi yangu ni masikio. Ningekutumia meseji, lakini simu yako Nafula huisoma kabla yako, na sitaki mtoto ayajue haya kabla ya mama yake.

Nilikuwa nimeficha vizuri tu, nikisoma midomo ya watu, mpaka lilipokuja hapa gereji gari la Mutua. Huyu ni Mkamba wa Kitui, karani katika ofisi moja ya serikali mjini, anakaa Jamhuri na mke na mtoto mchanga. Mtu mpole, anavaa sweta hata jua likiwaka. Lakini ana gari la turbo. Turbo ni kile kifeni kinachozungushwa na moshi wa injini ili gari lipate nguvu, na bomba linaloteremka kutoka hapo ndilo wanaloliita daunpaipu. Ukiweka pana kuliko lile la kiwandani, moshi unatoka haraka, gari linaruka, na linanguruma hadi mbwa wa mtaa wanaingia uvunguni.

Alikuja na daunpaipu yake tayari, mpya, amenunua mjini, imefungwa kwa karatasi kama zawadi ya harusi.

"Mzee, cheki hii kitu inavyong'aa."

"Ni safi," nikamwambia. "Lakini imetengenezewa gari la usukani wa kushoto."

"Si itaingia tu?"

"Itaingia. Halafu utaenda moja kwa moja mpaka Naivasha, kwa sababu nondo ya usukani itakuwa imekumbatiana na bomba."

Akaishika kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake. Mwenye duka alikataa kuirudisha, kwa hiyo tukakubaliana nimchomelee nyingine hapa hapa, ya chuma kisichoshika kutu, ipite mbali na usukani. Akataka niondoe pia ule mfuko wenye masega unaochuja moshi. "Toa yote, mzee. Wacha ilie."

"Ukiutoa," nikamwambia, "mama watoto atajua umefika Dagoretti Corner kabla hujakata kona ya kwenda kwenu. Hutaweza kudanganya saa ya kurudi maisha yako yote."

Akauacha. Unaona, mdomo wangu bado unafanya kazi.

Kufungua ile ya zamani kulinitoa jasho. Boliti za kwenye turbo zilikuwa zimeungana na kutu, nikazilowesha kwa mafuta mpaka kesho yake, na bado moja ikakatikia ndani ikabidi niitoboe. Nikachomelea, nikasawazisha uso wa kiungo, nikaweka gaskiti mpya ya kuuziba, nikarudisha mahali pake kile kijiti cha kupima moshi. Kwa macho na kwa mikono, Mama Nafula, ile kazi ilikuwa nzuri. Mutua akalisikiliza likiwa na silensa ya katikati, ile ya kupunguza kelele, kisha likiwa bila. "Mzee, ipi tamu?" Mimi nilikuwa naona meno yake tu. Yalikuwa mengi zaidi mara ya kwanza. "Ya kwanza," nikasema. Akanipiga bega: "Wewe ni noma!"

Kazi ya mwisho kwetu ni kitambaa. Unawasha injini, unaziba mdomo wa bomba kule nyuma kwa kitambaa kilicholowa, halafu unainama karibu na kila kiungo na kusikiliza. Mahali pasipofunga, moshi hupiga mluzi mwembamba sana, kama uji unaotaka kuchemka. Tangu nifike hapa gereji, mluzi huo umekuwa wangu. Wenzangu wakikwama walikuwa wananiita, "Baba Nafula, kuja uskize hii." Basi nikainama. Kimya. Kimya kizuri kabisa, kama cha kanisani pasta akisahau mahubiri. Nikainua dole gumba. Imefunga.

Haikuwa imefunga. Jioni hiyo Mutua alimbeba mke na mtoto kwenda kwa dada yake Kinoo. Mvua ilikuwa inanyesha, wakafunga vioo, wakakwama kwenye foleni ya Waiyaki Way. Moshi ulikuwa unavuja pale kwenye turbo na kuingia ndani na hewa ya feni. Mke akaanza kuumwa kichwa. Mtoto akatapika, halafu akalegea, akalala usingizi usiokuwa wa saa zile. Wakafungua milango katikati ya barabara, wakasimama na mtoto kwenye mvua mpaka akalia. Sasa hivi ni mzima, ananyonya. 

Kesho yake Mutua alilirudisha. Angenitukana ingekuwa nafuu. Alisema tu, polepole, "Mzee, mtoto wangu alikuwa ndani."

Kamau, mwenye gereji, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Hata hakuinama. "Si inapiga mluzi hapo kwa turbo? Baba Nafula, husikii hiyo?"

Nikasema nina mafua. Gereji nzima ikaangua kicheko. "Mafua ya masikio!" Mimi pia nikacheka, unanijua. Kisha nikaona nyuso za wenzangu zinabadilika. Mmoja mmoja wakaacha kucheka, wanatazama chini nyuma yangu, nami nimebaki nacheka peke yangu. Nilipogeuka, kulikuwa na spana kubwa sakafuni. Kamau alikuwa ameiangusha kwenye simiti, karibu na visigino vyangu.

Daktari niliyemwona alinitazama usoni ndipo akasema: usikivu uliokwenda umekwenda, haurudi. Ni kelele za grinda, ile mashine ya kusagia chuma. Vile vya kuziba masikio nilikuwa navyo, nilivivaa shingoni kama mkufu.

Kamau hakunifukuza. Ameniwekea kiti pale mbele. "Wewe una mdomo mzuri, utakuwa unaongea na wateja," akasema. Hebu fikiria. Mtu asiyesikia ndiye wamempa kazi ya kusikiliza watu. Nakaa pale, naitikia kwa kichwa, natabasamu kama mgombea wa kiti. Najua ni huruma, na huruma ya gereji haidumu msimu mzima. Nyumbani nako sijui nitakuja kuwa nani. Sijawahi kujua kazi nyingine. Asubuhi naamka, nakaa kitandani, sioni sababu ya kuvaa viatu.

Mutua alikuja kulichukua gari baada ya mwenzangu kubadilisha gaskiti. Akanifungulia mlango wa mbele, "Panda, mzee." Tukaenda mpaka lango la Jamhuri. Alipolikanyaga, kiti kilinipiga mgongoni, na watu wa kituoni wakageuza vichwa wote. Nikamuuliza, "Inalia?" Akazima injini. Akanigeukia, akafungua mdomo taratibu, jinsi mtu anavyosema na nyanya yake mzee. "Inalia, mzee. Inalia vizuri." Nikamshukuru. Nikarudi kwa miguu, sikutaka aone macho yangu.

Nisalimie mama, na mwambie apumzishe hilo goti. Shemeji Wanyonyi msalimie, nimemsamehe. Mama mkwe msalimie kutoka mbali kama desturi yetu inavyotaka. Mwambie mkwewe amekuwa na adabu zaidi, hata akisemwa hasikii. Pasta naye aniombee, lakini kwa kifupi.

Nafula ameniandikia kwamba amechaguliwa kuimba peke yake kanisani siku ya mavuno. Haya ya masikio usimwambie mpaka awe amemaliza kuimba. Nitakuja. Niwekee nafasi benchi la mbele, karibu kabisa, nione mdomo wake.

Mume wako anayekupenda,
Baba Nafula