Sanduku Alilolichagua Rukia

Jumamosi

Bado naona haya. Nilimwambia Fundi Kassim, "Mke wangu hasikii, usimuulize," kumbe Rukia alikuwa akinitazama midomo. Tangu homa ya miaka mitatu iliyopita impokonye masikio, midomo ya watu ndiyo anayoisoma.

Tulikuwa gereji Malindi, kuchagua sanduku la spika ya besi ya gari. Mimi nilitaka lile kubwa linalojaza buti nzima. Fundi alinionya: "Spika yako ni ndogo, bwana. Ukiipa sanduku kubwa mno itavuma tu." Sikumwamini. Akajaribu garini masanduku mawili kwa zamu, lile kubwa na jingine dogo, akapiga wimbo uleule wa chakacha.

Nililisifu kubwa. Rukia, aliyeketi nyuma, alikuwa amebandika viganja kwenye kiti na kufumba macho. Ilipofika zamu ya dogo, vidole vyake vikaanza kugonga pamoja na ngoma, bila kukosea hata pigo moja.

"Hili," akasema. "Kwenye kubwa ngoma zinavurugana. Kwenye hili nazipata moja moja."

Fundi akatabasamu. Mimi nikalilipia lile dogo.

Miaka mitatu nimekuwa nikizima muziki kila anapoingia garini, nikidhani namhurumia. Kumbe namnyima. Sijui ni mangapi mengine niliyomwamulia hivyo, na kumuuliza naogopa, lakini...

Tukirudi nyumbani Mambrui aliongeza sauti mwenyewe. Kichwa kinaniuma mpaka sasa. Kesho anataka twende hadi Ngomeni, na huko hatuna shughuli yoyote. Nimemwambia tutakwenda.