Visheti kwa Raia wa Athene

Jumanne, 24 Agosti 2021

Darasa saa tatu asubuhi. Kamera nimezima, kama kawaida. Mimi ni mraba mweusi ulioandikwa Zulfa. Nilihamia shule hii muhula huu, wakati Sydney yote imeshafungiwa ndani kwa ajili ya korona, kwa hiyo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuuona uso wangu. Silalamiki.

Leo Miss Dimou, mwalimu wa historia, ametugeuza Athene ya kale. Ametia majina yetu kwenye sufuria ya jikoni kwake, akayachomoa moja moja mbele ya kamera. Nusu raia, nusu metiki, yaani wageni wakaazi. Watumwa tutawasoma, hatutawaigiza, kasema. Wasichana tumeruhusiwa kuwa raia, ingawa Athene yenyewe isingetupa nafasi hiyo.

Mimi ni metiki. Metiki haruhusiwi kusema katika mkutano wa raia. Nimefurahi mno. Sidhani kama kuna metiki mwingine aliyewahi kufurahi hivi.

Jumatano, 25 Agosti

Nilifurahi mapema. Nimesoma sura nzima pamoja na tanbihi. Kila metiki lazima awe na raia wa kumsimamia. Mdhamini. Asiye naye hushtakiwa, na katika Athene ya kweli akishindwa kesi aliuzwa utumwani. Sisi hatuuzwi. Anayeshindwa atatoa wasilisho la dakika kumi, peke yake, kamera wazi.

Dakika kumi!

Mwisho wa kupata mdhamini ni Alhamisi ijayo. Inabidi umwombe mtu mwenyewe. Sijawahi kumwomba mtu darasani hata ukurasa wa kitabu.

Ijumaa, 27 Agosti

Metiki wenzangu karibu wote wamepata. Mimi bado. Nimeandika ujumbe kwa raia mmoja, Losa, msichana wa Kisamoa anayecheka vizuri. Nimeufuta. Nimeandika tena. Nimefuta. Mara nne.

Jambo moja nimeligundua. Losa akiwasha maiki, mbwa hubweka nyuma yake, halafu hukohoa. Namjua mbwa huyo. Ni yule wa kahawia, sikio moja limelala, nyumba ya geti la kijani, mtaa wa tatu kutoka hapa. Nampita kila siku katika saa moja ya mazoezi tunayoruhusiwa kutoka.

Bibi ameniona natafuna kalamu. Bibi alikuja kutoka Tanga mwanzoni mwa mwaka jana, kututembelea miezi mitatu. Mipaka ikafungwa. Yupo hadi leo, tunalala chumba kimoja, na jikoni ni serikali yake. Mama yuko zamu kwenye nyumba ya wazee, Baba yuko na lori bandarini Port Botany, kwa hiyo nilimweleza yeye. Metiki, mdhamini, kesi, yote.

"Sasa mke mwenza," kasema, "jambo kubwa hivyo unataka kulisema mwenyewe? Huna haya? Jambo kama hilo hutumiwa mshenga."

Nikamwambia hii si posa, ni historia.

"Kwani posa si historia?"

Amekwenda kukanda unga wa visheti. Naogopa.

Jumamosi, 28 Agosti

Nimeaibika kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Pia nimecheka hadi mbavu zikauma.

Bibi alivaa kanga zake za doti mpya juu ya koti la Baba, barakoa, na soksi mbili mbili. Sahani ya buluu, visheti vimefunikwa kitambaa. Mimi nilimpa barua fupi yenye jina langu na ombi langu. Halafu nilijificha nyuma ya gari la jirani.

Aliyetoka getini alikuwa bibi yake Losa. Bibi yangu aliweka sahani juu ya ukuta wa geti, akarudi nyuma hatua tatu kama sheria inavyotaka, akaanza. Salamu, habari za nyumbani, sifa za ukoo wetu, hadi shamba la minazi la babu. Kiswahili kitupu. Yule bibi alisikiliza ameinamisha kichwa, kisha akajibu kwa Kisamoa, kirefu zaidi. Dakika kumi na tano nzima! Walielewana vizuri sana bila kuelewa hata neno.

"Tumekubaliwa," Bibi kasema tukirudi.

Nilimuuliza amejuaje.

"Kashusha barakoa, kala kimoja mbele yangu. Cha posa kikiliwa kimekubaliwa."

Nyumbani alipovua koti nikaona barua yangu. Mfukoni. Hakuitoa.

Alhamisi, 2 Septemba

Siku ya mwisho imepita. Orodha imebandikwa. Asiye na mdhamini ni mmoja tu. Kesi Jumatatu. Mshtaki ni Darcy, raia, ambaye huja darasani na blanketi begani akidai ni vazi la Athene.

Losa hajasema kitu. Angesemaje? Hajui kitu. Anajua visheti tu.

Sina hamu ya kula.

Jumapili, 5 Septemba

Kengele ya mlango. Nilichungulia pembeni mwa pazia. Losa! Aliweka sahani yetu chini, akapunga mkono kwa mlango uliofungwa, akaondoka. Nadhani kanga za Bibi zinazokauka nje ndizo zilizomwonyesha nyumba. Sikufungua. Mimi ni mjinga.

Sahani hairudi tupu. Kumbe kwao ni vivyo hivyo. Mikate laini ya tui la nazi, ingali moto. Baba amekula minne, akasema Tanga na Samoa lazima ziliwahi kuwa majirani.

Chini ya mikate kulikuwa na kikaratasi: "Bibi yangu anasema bibi yako aliomba kitu muhimu, na yeye amekubali. Ni kitu gani?"

Nimeandika jibu. Nimefuta.

Jumatatu, 6 Septemba

Nimewasha kamera.

Naandika hivyo tena. Nimewasha kamera.

Darcy alinishtaki kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. "Mgeni huyu anaishi kwetu, anakula zeituni zetu, na hakuna anayemjua!" Darasa likacheka. Miss Dimou akasema mahakamani metiki anaweza kujitetea, je, nitajitetea? Bibi alikuwa kitandani nyuma yangu, anakuna nazi, hata hajui kinachoendelea. Nikabonyeza.

Nilishika sahani ya buluu mbele ya uso wangu. Nilianza kuongea nikiwa nyuma yake. Nikaeleza posa yote. Kanga, mbwa, barua mfukoni, mikate. Walicheka, lakini nami nilikuwa nacheka. Mahali fulani sahani ikashuka.

Kisha nikasema jambo nililofikiri tangu wiki iliyopita. Kwetu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Athene walimpa metiki jembe. Alifanya kazi, alilipa kodi, alipigana vita vyao. Shamba hawakumpa, haikuwa halali kwake kumiliki ardhi. Alizaliwa hapo na mtoto wake akazaliwa hapo, na bado siku ya tatu haikuisha. Nikasema haya si makosa yangu, ni ya mji. Sijui nilipata wapi ujasiri.

"Losa," nikamaliza, "hicho ndicho kitu. Samahani nimechelewa."

Mbwa alibweka kwanza. Halafu Losa: "Ningeanzia wapi kukataa? Bibi yangu ameshakula. Namsimamia!"

Kura kwa kuinua kitu, cheupe niachiwe, cheusi nitiwe hatiani. Vikombe, karatasi, mto, soksi ya Darcy. Soksi ilikuwa nyeupe. Nimeshinda!

Miss Dimou kaniandikia baadaye. Utetezi wangu ulichukua dakika kumi na moja.

Jumapili, 12 Septemba

Jua, baridi kidogo. Baba amejaza tena fomu ya kumwongezea Bibi muda wa kukaa. Penye nafasi ya mdhamini aliandika jina lake polepole, kwa herufi kubwa. Bibi alimsimamia begani kuona kama hakukosea.

Saa ya mazoezi tulipeleka sahani. Vitumbua safari hii. Mabibi walisimama kila mmoja upande wake wa geti, wakaongea, kila mmoja kwa lugha yake. Mimi na Losa tulikaa ukingoni mwa barabara, mbwa katikati yetu. Mbwa alikohoa.

Sahani imebaki kwao.